Gauni Nililolikalia

Kama gazeti la wiki jana ulifungia maandazi kabla hujalisoma, sikulaumu. Mimi mwenyewe jirani aliniletea vitumbua vimelala juu ya hadithi yangu, mafuta yamefuta aya nzima. Basi nitakusogezea kidogo ulipopitwa.

Mimi ni Bi Mwanne wa Kibuta, Kisarawe, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama washonaji. Madam Tupe, mbunifu wa mavazi mwenye duka lake Kibaha, alitupa kazi ya kumshonea nguo za maonyesho yake. Nguo ya kufungulia, ile ya kutoka mwanzo kabisa watu washike midomo, ilikuwa ya Zubeda.

Zubeda miguu yake ilipooza tangu utotoni. Anashonea cherehani cha mkono, amekaa chini. Ni yeye aliyewaza kuchana kitenge vipande vyembamba, akavisuka kama tunavyosuka ukili wa mkeka, akaviunganisha kwa sindano, mstari juu ya mstari, mpaka likawa gauni. Madam Tupe alipoliona alikaa chini mavumbini na suruali yake nyeupe. Akatuahidi kwa mdomo wake kwamba siku ya maonyesho sote tutapanda jukwaani na majina yetu yatatajwa.

Tukakodi gari la Noah, tukafika Kibaha na khanga mpya. Mlangoni tukaambiwa tupite nyuma. Wenzangu wakapelekwa jikoni kupiga pasi. Zubeda akaachwa nje kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, eti jukwaa lina ngazi nyingi, na eti hataendana na picha. Kisha dada wa mlangoni akazitazama mvi zangu, akatabasamu.

"Bibi, wewe kiti chako kipo mbele."

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, mguu wangu mmoja ndani, mmoja nje. Wengine mlipiga simu mnauliza kama nilikwenda kukaa.

Nilikwenda. Nikakaa, na soda nikaletewa.

Naila, katibu wa kikundi, alikuwa anapita na nguo mkononi, jasho linamtoka kwa joto la pasi. Akasimama mbele yangu.

"Bi Mwanne."

"Naam."

"Umekaa?"

"Si unaniona."

"Na Zubeda?"

"Yupo nje."

"Na sisi?"

"Ninyi si mko jikoni?"

Akaniangalia kuanzia kilemba mpaka kandambili.

"Basi kunywa soda yako kabla haijapata joto."

Akaenda zake. Nilikuwa na mpango wangu. Bibi akipiga kelele jikoni, wanasema kachanganyikiwa. Bibi huyo huyo akipiga kelele kwenye viti vya mbele, wanamuuliza ana shida gani. Kiti kile nilikitaka kwa kazi. Kosa langu ni kwamba kazi yenyewe sikumwambia mtu.

Pembeni yangu alikaa mzee wa suti, fimbo katikati ya magoti.

"Karibu, mama," akaniambia. "Shughuli hii ni ya binti yangu."

"Aa! Kumbe wewe ndiye baba wa mpagazi wangu!"

Mzee akatabasamu, akatikisa kichwa. Nikajisemea, huyu utani anaujua. Baadaye nilikuja kugundua kwamba sikio lake la upande wangu halifanyi kazi.

Sasa hili la upagazi nilieleze, maana ndilo lililonitia matatani.

Siku ya kwanza Madam Tupe kuja Kibuta, nilimuuliza kwao ni wapi. Akasema, "Mimi mtoto wa Tabora, Bibi." Mzaramo akisikia Tabora, akili inakwenda moja kwa moja kwa Wanyamwezi, watani wetu tangu enzi za misafara ya miguu. Pale pale nikamvaa: "Karibu mpagazi! Mizigo ya babu yangu umeiacha wapi?" Akacheka. Tangu siku hiyo sikumpa pumzi. Nilimnyang'anya mtandio, akaukomboa kwa sukari. Nilimwita punda mbele ya wateja wake. Anacheka tu.

Na mtani ana ruhusa ambayo hata tajiri hana. Msibani anaingia kaburini analala, na maiti haizikwi mpaka akombolewe. Harusini anamzuia bibi harusi mlangoni. Haitwi polisi, na mtu hanuni.

Basi nikasema moyoni, ruhusa hiyo leo naitumia kwa ajili ya Zubeda.

Nikaweka soda chini. Nikamwambia mzee nakwenda msalani, nikazunguka nyuma ya pazia.

Gauni lilikuwa limevishwa sanamu; nikaanza kulifungua. Agape, msichana aliyekuwa alivae kwanza, alikuwa amekaa na taulo mabegani anapakwa poda.

"Bibi, unalipeleka wapi hilo?"

"Nalipunga upepo."

"Madam amekutuma?"

"Mimi ni wa kutumwa na Madam? Huyo mimi ndiye namtuma."

Nikalitoa kwenye sanamu, nikalibeba kama mtoto mchanga, nikatokea mbele ya pazia. Emsii, kijana anaitwa Vicent, alikuwa anawaandaa watu kwa maneno matamu. Nikaenda mpaka katikati ya jukwaa, nikalitandika, nikalikalia.

"Jamani wa Kibaha, hodi!"

"Karibu!" wakajibu kwa mazoea.

"Nimekamata! Mimi Mwanne binti Shomari, Mzaramo wa Kibuta, nimekamata gauni la mpagazi wangu! Halitoki hapa mpaka likombolewe!"

Ukumbi ukalipuka. Vigelegele, makofi, simu zikapanda juu. Emsii Vicent akaruka.

"Eee bwana eee! Watani wameingia kazini! Madam Tupe, kimeumana huku, njoo ukomboe!"

Kule nyuma akasimama baba mmoja mnene. "Mnyamwezi nipo hapa! Bibi, toka kwenye gauni urudi ngomani! Mashamba yote mmeuza mkacheze!"

"Na wewe njoo unibebe," nikamjibu. "Toka lini mzigo unatembea wenyewe na mpagazi yupo?"

Watu walikufa kwa kicheko. Noti zikaanza kutupwa jukwaani. Nikazisukuma kwa kisigino.

"Noti zenu sitaki. Nataka mlango wa mbele ufunguliwe, aingie Zubeda wa Kibuta aliyeachwa nje, akae kwenye kile kiti changu. Halafu Madam ashike kipaza sauti awaambie gauni hili limetoka kwenye kichwa cha nani. Nikilisikia jina, nainuka."

Kicheko kikapungua. Walianza kuona kwamba bibi hachezi.

Kwenye viti vya mbele mgeni rasmi aliinama mbele. Anaitwa Mama Laurentia, ana maduka ya nguo Dar es Salaam, na kwa minong'ono ya jikoni, gauni lile akilipenda yeye litavaliwa mpaka nje ya nchi.

"Zubeda ni nani?" akauliza.

Hakuna aliyemjibu, maana Madam Tupe alikuwa ameshatokea nyuma ya pazia. Akaja akachuchumaa mbele yangu, anatabasamu kwa ajili ya simu. Sauti yake haikuwa na tabasamu.

"Bibi. Inuka."

"Komboa."

"Nakwambia kwa heshima, inuka. Watu wanarekodi."

"Wewe taja jina, wakurekodi vizuri."

"Nitataja mwisho. Nitawashukuru wote, akina mama wa Kisarawe."

"Akina mama wa Kisarawe ni wilaya nzima. Wamo na wasiojua kutunga uzi kwenye sindano. Mtaje aliyelibuni."

"Kitambaa ni changu. Ukumbi nimeutafuta mimi. Wageni nimewalilia mimi, mmoja mmoja. Unajua mimi nimepita milango ya nyuma mingapi mpaka kufika hapa? Nani aliwahi kukalia nguo kwa ajili yangu?"

"Kama unaujua huo mlango, mbona unawapitisha huko huko wenzio?"

Tabasamu likamtoka. Akakamata bega la gauni.

"Toka!"

"Acha, punda wewe! Punda wa babu yangu alifundishwa kubeba, hakufundishwa kuvuta!"

Watu wakacheka tena, ila safari hii si wote. Akavuta. Nami nikakamata pindo. Mimi mzee, lakini jembe nimelishika tangu sijaota meno ya pili. Mikono yangu haikuachia. Akavuta kwa mikono miwili.

Mshono wa kwanza uliachia kimyakimya. Wa pili ulilia, wote wakausikia. Ukili ukafumuka kuanzia kwapani mpaka kiunoni, vipande vya kitenge vikatawanyika jukwaani kama mkeka ulioingiliwa na panya.

Tukaachia wote wawili. Hakuna aliyeshika tena, na hakuna aliyecheka.

Nikasikia fimbo inagonga sakafu. Mzee wa suti alikuwa anapanda ngazi. Sikio lake zima lilikuwa limesikia. Akachukua kipaza sauti kwa emsii, waya wake unaburuta sakafuni.

"Mimi naitwa Ipyana. Kwetu Tukuyu. Mimi Mnyakyusa, mama wa huyu mtoto Mnyakyusa, na bibi zake wote wawili Wanyakyusa. Tabora nilipelekwa na kazi ya reli, huyu akazaliwa huko. Ninyi mnamwita Tupe. Jina nililompa mimi ni Atupele." Akanigeukia. "Mama, umemwita mwanangu punda mbele ya wageni wake. Mimi na wewe huo utani tumeuanza lini?"

Ndugu msomaji, umewahi kukutwa ndani ya banda la kuku la jirani, kuku yuko kwapani? Basi ndivyo nilivyotazamwa.

Yule Mnyamwezi wa nyuma, mtani wangu wa halali, alikaa chini polepole akajifanya anaangalia simu.

"Ulikuwa unacheka," nikamwambia Atupele. 

"Nilikuwa nacheka kwa adabu, Bibi. Nilidhani ni uzee umekuzidi."

Maneno makali nimeambiwa mengi katika maisha yangu, na mengi niliyarudisha yakiwa makali zaidi. Hilo sikulipatia jibu mpaka leo ninavyoandika.

"Kwa hiyo huu ni wizi," Atupele akasema, sasa kwa sauti ya watu wote. "Ameiba nguo nyuma ya pazia, ameiharibu, na amemdhalilisha baba yangu. Mabaunsa!"

Mabaunsa wawili wakaanza kuja.

"Subirini," Mama Laurentia akasema pale alipokaa. "Niliuliza swali. Zubeda ni nani?"

Atupele akageuka, akaita jikoni. "Naila! Njooni wote. Njooni mseme wenyewe mbele ya mgeni. Huyu mmemtuma ninyi?"

Wakatoka wakajipanga pembeni ya jukwaa, macho chini. Naila mbele, kitambaa cha pasi bado kiko begani. Nikashusha pumzi. Huyu nilimfundisha kukata kola. Huyu ni wangu.

"Hatukumtuma," Naila akasema.

"Naila!"

"Hatukukutuma, Bi Mwanne. Ulituuliza saa ngapi? Ulipewa kiti, ukaenda kukaa. Ukapata wazo, ukaenda kulifanya. Wanangu wanakula kwa sindano hii. Madam akitunyima kazi kesho, utatupikia huo utani tule?"

"Nilikuwa nawatetea! Mimi ni mwenyekiti wenu!"

"Mwenyekiti wa kiti kipi? Kile chenye soda?"

Ukumbi ukacheka. Kicheko kile kile kilichokuwa changu kilikuwa kimehamia kwake, na kilimkaa vizuri.

"Mnafiki mkubwa wewe," nikamwambia. "Mlipopelekwa jikoni ulikuwa unalia."

"Nilikuwa nalia, ndiyo. Tena nililia zaidi nilipokuona umekaa."

Ningemjibu. Jibu nilikuwa nalo, la kumvua nguo mchana kweupe. Lakini watu walikuwa wameacha kututazama. Vichwa vilikuwa vimegeuka kwenye mlango wa mbele.

Zubeda alikuwa anaingia.

Baiskeli ameiacha nje. Alikuja kwa mikono, kandambili amezivaa viganjani kama avaavyo siku zote, anajiburuta katikati ya viti, katikati ya viatu vya ngozi na visigino virefu. Wengine walivuta miguu. Mmoja alivuta pochi. Hakumwangalia mtu. Zile ngazi walizosema ni nyingi alizipanda moja moja, mwili unafuata mikono. Vicent akakimbia kumnyanyua.

"Niache, kaka. Wewe si unasemaga? Endelea kusema."

Vicent, kwa mara ya kwanza siku ile, akakosa la kusema.

Zubeda akafika kwenye gauni. Akazigusa nyuzi zilizofumuka, akaokota kipande kimoja cha kitenge, akakinyoosha pajani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Nani kavuta?"

Tukatazamana, mimi na Atupele.

"Sote," nikasema.

"Nyanyuka, basi. Bado umelikalia."

Nikanyanyuka.

Mama Laurentia alikuwa amesimama sasa, amefika chini ya jukwaa.

"Ni wewe uliyelitengeneza?"

"Ni mimi."

"Linashoneka?"

"Linashoneka. Lakini jikoni siendi. Nalishonea hapa hapa nilipo."

Mama Laurentia akamtazama Atupele. "Mimi nimetoka Dar kwa ajili ya gauni hili. Nyingine zote nimeziona kwenye simu. Likishonwa, tuongee biashara. Lisiposhonwa, nawahi foleni."

Akarudi kwenye kiti chake, akakunja mikono.

Naila akampa Zubeda uzi na sindano kutoka kwenye khanga yake. Zubeda akaanza kusuka upya pale pale sakafuni, watu wote wanamtazama vidole. Uso wa Atupele, wallahi, ulinitia huruma kidogo. Alikuwa mtu anayeona nyumba yake inashikiliwa na msumari mmoja, na msumari wenyewe ni ule aliouacha nje.

Akakichukua kipaza sauti kwa baba yake. Akakifunika kwa kiganja, akamwinamia Zubeda. Mimi nilikuwa karibu. Nilisikia neno kwa neno.

"Shona, Zubeda. Ukimaliza nalitaja jina lako. Lako wewe, peke yako, na kwenye lebo litaandikwa. Nilikosea kukuacha nje, nakubali. Lakini huyu sifanyi naye kazi tena. Kikundi kimtoe uenyekiti. Sasa hivi, mbele ya watu hawa hawa alionitukania. Asipotoka, sitaji jina la mtu."

"Hiyo si haki!" nikasema.

"Na kulikalia ilikuwa haki?"

"Mimi nilikuwa nafanya kwa ajili yake!"

"Na mimi nafanya kwa ajili ya nani? Jina nitakalolitaja si langu."

Naila hakungoja. "Tunyooshe mikono," akasema. "Anayetaka Bi Mwanne apumzike, mkono juu."

Apumzike! Neno zuri la kumzikia mtu mzima.

Mkono wake ukawa wa kwanza. Mama Hashiru, niliyemdhamini mpaka akapata cherehani chake cha kwanza, mkono juu. Mwingine niliyempokea mtoto wake kwa mikono yangu hii, usiku wa mvua, hakuna gari, alinyoosha huku analia. Kunyoosha alinyoosha. Wengine walifumbata mikono, wakakaza shingo. Vicent, ulimi umeshamrudi, alikuwa anawatangazia watu wa nyuma kwa kelele kama anatangaza mpira: "Mmoja kule! Mwingine huku! Jamani, jamani!"

Naila akahesabu. Akarudia.

"Nusu kwa nusu," akasema. "Amebaki Zubeda."

Sasa nikiri, maana ndicho mnachonisomea.

Ningeweza kumaliza mambo pale pale. Neno moja tu, "natoka," na jina la Zubeda lingetajwa mbele ya Kibaha nzima, jambo ambalo nilikuwa nimelikalia gauni kwa ajili yake. Lilinifika ulimini. Kisha nikamwona Naila anavyonitazama, nikamwona kwenye barua zetu, kwenye mihuri yetu, kwenye kile kiti cha mbele maonyesho yajayo, anakunywa soda.

Nikalimeza.

"Zubeda," nikasema, "mjukuu wangu. Unakumbuka nani alikuingiza kikundini, wenzio wanasema utatuchelewesha?"

"Nakumbuka, Bibi."

"Zubeda," Atupele akasema, "jina lako. Fikiria jina lako."

"Nafikiria, Madam."

Sindano haikusimama. Ilikuwa inaingia na kutoka, inaingia na kutoka, na ukili unarudi mahali pake, kwapa likafunga, kiuno kikafunga. Hata Mzee Ipyana alikuwa amesogea kuangalia, fimbo ameikumbatia. Mama Laurentia hakupepesa.

Zubeda akamaliza. Akakata uzi kwa meno, akalikung'uta gauni, akalikunjua mbele ya watu. Kama nisingelikalia mwenyewe, ningeapa halijawahi kukaliwa. Makofi yakaanza nyuma, yakaja mbele.

"Haya, mkono," Naila akamwambia. "Juu, au chini?"

Zubeda akazivua kandambili viganjani, akaziweka chini, moja juu ya nyingine.

"Mkono sinyooshi," akasema. "Tangu asubuhi mnanisemea. Mmoja ananisemea kwa matusi, mwingine kwa masharti, na huyu wa tatu anahesabu mikono. Mimi nina mdomo. Hicho kipaza sauti, Madam, nipe mimi."



Atupele akakitazama kipaza sauti. Akamtazama Mama Laurentia, akamtazama baba yake. Mzee Ipyana akainamisha kichwa mara moja tu. Taratibu, kama mtu anayetoa jino lake mwenyewe, Atupele akanyoosha mkono, akakipeleka kwa Zubeda.

Hakikufika. Kilikwama hewani, kidogo tu kutoka vidoleni mwa Zubeda.

Atupele akavuta waya. Haukuja. Watu wote wakaufuata ule waya kwa macho, sakafuni, kwenye vipande vya kitenge, mpaka kwenye kandambili yangu.

Nilikuwa nimeukanyaga.

Mwanzo, naapa, sikujua. Lakini Zubeda alipoinua macho akanitazama, nilikuwa nimeshajua nimekanyaga nini, ila sikujua atawaambia nini watu wale kuhusu mimi.

"Bibi," akasema polepole. "Mguu."

Sikuutoa.